Mnyama ni wa nani, na pori ni la nani? Historia ya uwindaji wa ayala, na sisi tuliorudi



Katika mkutano wetu uliopita tulibishana sana juu ya lile pori la mlimani ambamo wazee wetu walikuwa wakiwinda kabla ya vita vya 1996. Wamoja walisema: "Ile pori ni ya Leta, sisi tutafanya nini?" Wengine wakajibu: "Heri tuikate vipande, kila jamaa ipate yake, yenye kutaka kuuza iuze." Jua likatua, hatukupatana.

Kisha ndugu yetu mmoja, aliyepelekwa Amerika toka kambi ya Nyarugusu na ambaye siku hizi hututumia mchango wake, alitupigia simu. Tulipomweleza ubishi wetu akacheka. "Hata huku wanabishana vile vile," akasema, "juu ya ayala." Wenzake wa kazini walipomwalika kwenda kuwinda, neno la kwanza halikuwa bunduki. Lilikuwa hili: tutawinda kwenye ardhi ya umma, ao kwenye ardhi ya mtu?

Tukaona tutafute historia ya jambo hilo na kuwaandikia hapa. Si kupiga mdomo tu, maana katika mkutano ujao tutapaswa kuamua.

Mfalme na mnyama wake

Ayala ni yule mnyama tunayemsoma katika Zaburi. Kwa umbo anafanana kidogo na mbawala wetu, lakini pembe za dume zina matawi, na kila mwaka zinaanguka na kuota upya. Huko Amerika anayejulikana zaidi ni yule wa mkia mweupe. Ana pia jamaa yake mkubwa, wapiti.

Wazungu waliohamia Amerika walitoka na kumbukumbu chungu ya ayala. Huko Uingereza, baada ya William kuishinda nchi mwaka 1066, mapori makubwa yalitengwa kwa ajili ya uwindaji wa mfalme. "Pori la mfalme" halikuwa miti peke yake: ndani yake mlikuwa na vijiji na mashamba ya watu. Waandishi wa wakati ule wanasema aliyeua ayala alitobolewa macho. Mwaka 1217, kwa jina la mfalme kijana Henry III, ilitolewa Hati ya Pori. Ilisema kwamba tangu siku ile mtu hatapoteza uhai wala kiungo chake juu ya nyama ya mfalme. Atalipa faini, na asiye na kitu atafungwa mwaka mmoja na siku moja. Lakini katika 1723 bunge likarudisha kitanzi: waliokwenda kuwinda ayala na silaha huku wamepaka nyuso rangi nyeusi waliweza kunyongwa. Sheria hiyo ilikaa karibu miaka 100.

Basi mtu maskini aliyevuka bahari alijua kitu kimoja: kule alikotoka, nyama ilikuwa ya wakubwa.

Pori la wote likawa tupu

Ndiyo sababu jimbo la Pennsylvania, katika katiba yake ya 1776, liliandika kwamba wakaaji wana uhuru wa kuwinda kwa majira yafaayo kwenye ardhi yao na kwenye ardhi nyingine yote isiyozungushiwa uzio. Vermont ikaandika vivyo hivyo mwaka 1777. Mnyama akawa wa wote.

Lakini tusidanganyane, uhuru ule ulikuwa na hasara yake. Watu waliwinda kwa ajili ya soko. Nyama na ngozi zilipakiwa kwenye treni kwenda mijini, na hakuna aliyehesabu. Kufika mwaka 1900 hivi, inakadiriwa kwamba ayala wa mkia mweupe walibaki kama 500,000 tu katika nchi nzima. Sisi tunaelewa vizuri. Tuliporudi toka Tanzania tulikuta pori letu limenyamaza, juu bunduki zilikuwa nyingi na hakuna aliyemwambia mwenzake "hapa tusimame".

Ndipo walipoweka sheria. Mwaka 1896 mahakama kuu ya Marekani ilisema kwamba wanyama wa pori ni mali ya watu wote, na jimbo linawachunga kwa niaba yao. (Mwaka 1979 mahakama hiyo iliacha neno "mali", lakini kazi ya kuchunga ilibaki kwa majimbo.) Mwaka 1900 sheria ya Lacey ilikataza kusafirisha toka jimbo moja kwenda lingine wanyama waliouawa kinyume cha sheria. Mwaka 1937 ikaja sheria ya Pittman na Robertson: kodi ya bunduki na risasi isipotelee katika sanduku kubwa la Leta, bali irudi kwenye majimbo kwa kazi ya kuchunga wanyama na mapori. Leo kodi hiyo kwa bunduki ndefu na risasi ni 11 kwa mia. Na ayala? Siku hizi wanakadiriwa kuwa karibu milioni 30.

Milango miwili

Sasa tufike kwenye swali la ndugu yetu. Huko, mnyama hawi wa mwenye shamba kwa sababu amelala katika shamba lake. Mwenye shamba mwenyewe lazima achukue ruhusa ya jimbo na kufuata majira. Lakini mlango wa shamba ni wake. Akisema usiingie, huingii.

Katika jimbo la Texas karibu sehemu 95 kwa mia za ardhi ni za watu binafsi. Mwenye kutaka kuwinda ayala anapaswa kumjua mwenye ardhi ao kukodi nafasi kwa msimu. Na tuseme kweli: wenye mashamba wengi wanachunga vizuri. Wanaacha vichaka, wanaweka maji, wanahesabu madume, juu wanajua mnyama akiwapo pesa itakuwapo. Mwenye kulipa anakuta utulivu na nyama. Asiye na cha kulipa anabaki nje ya uzio.

Magharibi ya nchi ni tofauti. Serikali kuu ya Marekani inashika ekari karibu milioni 640, yaani kupita ukubwa wa Kongo yetu nzima. Katika jimbo la Nevada ni kama sehemu 80 kwa mia za ardhi yote. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo iko wazi: fundi wa magari na mganga wanaingia kwa ruhusa ile ile ya uwindaji. Hasara yake ni kwamba watu wanajaa, wanyama wanaogopa, na mara nyingi unatembea mbali sana na kurudi mikono mitupu.

Ndugu yetu alituambia: "Kwenye ardhi ya mtu ninalipa pesa. Kwenye ardhi ya umma ninalipa miguu."

Ngazi ya Wyoming

Kuna kisa kimoja kilichotufurahisha na kutufundisha. Mwaka 1862 bunge la Marekani, kwa kutaka reli ijengwe, liliwagawia wenye kampuni za reli ardhi kwa mfano wa ubao wa mchezo wa dama: mraba mmoja wa kampuni, mmoja wa serikali, kila upande maili moja. Miaka ikapita, matajiri wa ng'ombe wakashika ile miraba ya kampuni na kuweka uzio. Miraba ya umma ikabaki katikati, kama kisima kilicho ndani ya nyumba ya mtu. Ni ya wote, lakini hakuna njia. Tarehe 25 Februari 1885 ikatoka sheria ya kukataza mtu kufungia watu ardhi ya umma.

Mwaka 2021 wawindaji 4 toka Missouri walifika kwenye mlima mmoja wa Wyoming. Wakasimamisha ngazi pale pembe za miraba zinapogusana, wakapanda toka mraba wa umma na kushuka katika mraba wa umma, pasipo kukanyaga udongo wa tajiri. Walishitakiwa kwa jinai, na mwaka 2022 wazee wa mahakama wakasema hawana kosa. Mwenye ardhi akawadai pia zaidi ya dola milioni 7. Mwaka 2025 mahakama ya rufaa ikawapa haki wawindaji, na sheria iliyowasimamia ilikuwa ile ya 1885.

Haitoshi kuambiwa "pori ni lenu". Lazima kuwe na njia ya kuliingia.

Wenye pori wa kwanza

Hata hivyo hatuwezi kusifu ardhi ya umma ya Marekani bila kuuliza ilitoka wapi. Ilitoka kwa watu waliokuwamo. Taifa la Crow lilitoa ardhi kubwa katika mkataba wa 1868, likabakiza haki ya kuwinda kwenye ardhi ya Marekani isiyokaliwa. Mwaka 2014 mtu wa Crow, Clayvin Herrera, aliwinda wapiti katika msitu wa serikali huko Wyoming, nje ya majira ya jimbo. Jimbo likamhukumu na kusema haki ile ilikufa Wyoming ilipokuwa jimbo mwaka 1890. Kesi ikapanda mpaka mahakama kuu, na mwaka 2019 mahakimu 5 kwa 4 wakasema: haki ile haikufa. Karatasi ya mababu ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 150, na bado ilizungumza.

Huku kwetu, Batwa wa Kahuzi-Biega, waliotolewa msituni baada ya hifadhi kutangazwa mwaka 1970, hawakuwa na karatasi ya namna ile. Walikuwa na makaburi, njia na majina ya mito.

Mwaka ule ule

Angalieni tena mwaka ule wa 1885. Siku moja baada ya sheria ya Marekani ya kukataza uzio, yaani tarehe 26 Februari, mkutano wa Berlin ulitia sahihi hati yake. Na tarehe 1 Julai 1885 serikali ya mfalme Leopold ilitangaza kwamba ardhi tupu ya Kongo ni ya Leta. Nani alipima utupu? Machoni pa mgeni, pori la kuwindia ni tupu, shamba lililopumzishwa ni tupu. Lakini wazee wetu walijua kila bonde na mwenye kulichunga. Kwa neno moja, "tupu", yule mfalme mwenye ayala wa Uingereza alizaliwa tena Kongo, na watu wakatumwa kutafuta mpira na pembe katika pori lao wenyewe.

Uhuru ulipokuja neno lile halikufutika lote. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Leta peke yake, na juu ya ardhi za wenyeji inasema zitapangwa na amri ya Rais. Watu walingojea amri hiyo tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu mmoja ao ya wengi iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi. Na tarehe 2 Agosti 2014 ikatoka dekreti inayoruhusu jamii ya wenyeji kuomba msitu wao wa desturi, mpaka hekta 50,000, wausimamie pamoja bila kikomo cha miaka.

Tufanye nini na pori letu?

Tumekaa kambini, mahali ambapo kupita kilomita 4 bila karatasi kulikuwa kosa. Tunajua maana ya kuishi pembeni ya pori na kukatazwa hata ukuni. Kwa hiyo tusikubali haraka lile neno "ni ya Leta, tutafanya nini". Lakini pia tusikate vipande. Jamaa yenye mgonjwa itauza kwanza, halafu ya pili, na siku moja watoto wetu watahitaji ngazi kuingia mlimani kwa babu yao.

Historia ya ayala inatuachia maswali matatu: nani anashika mlango, nani anaweka kipimo, na pesa inarudi wapi? Kwa pori letu tunapendekeza hivi. Kwanza, kamati iende kuuliza kama liko nje ya mipaka ya hifadhi yoyote. Pili, kama liko nje, wazee watembeze vijana mipakani wakati wangali na nguvu, majina ya mito na makaburi yaandikwe. Tatu, twende kwa mwami pamoja na jirani zetu wote, hata wale waliobaki huku sisi tulipokuwa ng'ambo ya ziwa. Wao walilichunga, na tukiwafungia nje tutakuwa wafalme wadogo. Kuwinda nako kuna sheria yake tangu tarehe 28 Mei 1982, na wanyama waliolindwa wanabaki wamelindwa. Mtu asiseme gazeti la chama limempa ruhusa.

Marafiki wafadhili, safari ya wazee mipakani inahitaji chakula, mabuti na mtu mwenye kujua kuchora ramani. Hakuna kazi nyingine mwaka huu tunayoona ina haraka kama hiyo, maana wazee wanaoijua mipaka ile yote wamebaki wachache, na miguu yao imechoka.

Tutaonana mkutanoni. Kila mmoja aje na jibu lake.