Obote na Bunduki Iliyomgeukia

Katika historia ya nchi jirani ya Uganda yupo kiongozi aliyeshika madaraka mara mbili baada ya uchaguzi, na mara zote mbili akaondolewa na jeshi lake mwenyewe. Huyo ni Apollo Milton Obote. Maisha yake yafaa kutazamwa na kila mwananchi, lakini yanamhusu zaidi yule aliyekabidhiwa silaha ya taifa.

Obote alizaliwa mwaka 1925 katika kijiji cha Akokoro, Lango, kaskazini mwa Uganda. Alisoma Mwiri na Makerere, akafanya kazi Kenya, kisha akarudi kwao kuingia katika siasa. Mwezi wa Aprili 1962 akawa Waziri Mkuu, na tarehe 9 Oktoba mwaka huo akaiongoza Uganda kupata uhuru. Chama chake cha UPC kilikuwa kimeungana na Kabaka Yekka, chama cha wafuasi wa Kabaka wa Buganda. Mwaka 1963 Kabaka Mutesa wa Pili akawa Rais.

Mtihani ulikuja upesi. Januari 1964 askari wa Tanganyika, Uganda na Kenya waliasi, na serikali zote tatu zikalazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza. Tanganyika ilivunja kikosi kilichoasi, ikajenga jeshi jipya tangu msingi. Uganda ilikubali madai ya mshahara wa askari wa Jinja, na maofisa wa Kiafrika wakapandishwa vyeo haraka, Idi Amin akiwa mmoja wao. Hivyo askari walijifunza kwamba serikali ikitishwa hutoa.

Mwaka 1966 Bunge lilitaka Amin achunguzwe kuhusu dhahabu iliyotoka Kongo. Obote aliwakamata mawaziri wake watano wakiwa katika kikao cha Baraza la Mawaziri, akaisimamisha Katiba, na Amin akafanywa mkuu wa jeshi. Tarehe 24 Mei jeshi lilishambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo. Kabaka alikimbilia Uingereza, akafia huko mwaka 1969. Ugomvi wa kisiasa, ambao ulistahili kumalizwa bungeni au mahakamani, ulimalizwa kwa mizinga.

Waswahili husema, mchimba kisima huingia mwenyewe. Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alitwaa serikali. Obote alipata hifadhi Tanzania. Wala askari wa Uganda hawakunufaika na mapinduzi yale. Katika mwaka huo huo askari wengi wa Acholi na Lango waliuawa na askari wenzao, katika kambi zao wenyewe, zikiwamo za Jinja na Mbarara.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda, liliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Desemba 1980 ulifanyika uchaguzi, UPC ikatangazwa kushinda, na Obote akarudi Ikulu. Wapinzani waliyakataa matokeo, na Februari 1981 Yoweri Museveni akaanza vita vya msituni. Raia wengi mno waliangamia katika eneo la Luwero.

Ndani ya jeshi nako kulizuka manung'uniko. Askari wa Acholi walilalamika kwamba wao ndio wanaokufa vitani na vyeo vinakwenda kwa watu wa Lango. Tarehe 27 Julai 1985 jeshi lilimwondoa Obote kwa mara ya pili. Waliompindua nao hawakudumu. Januari 1986 Museveni aliitwaa Kampala. Obote aliishi uhamishoni Zambia miaka mingi, akafariki Johannesburg tarehe 10 Oktoba 2005, akazikwa Akokoro.

Haitoshi kumlaumu Obote peke yake. Kiongozi anayewatuma askari kumwondolea wapinzani huwafundisha njia ya kumwondoa yeye. Naye askari au polisi anayekubali kuwa fimbo ya kabila au ya kundi hupoteza kinga aliyokuwa nayo, yaani sheria. Wale waliochinjwa na wenzao mwaka 1971 walikuwa wamevaa sare moja na wauaji wao. Sare hiyo haikuwaokoa, kwa sababu sheria iliyoipa heshima ilikuwa imekwisha kuvunjwa miaka mitano kabla.