Korosho za Masasi na Newala: Kwa Nini Mkulima Huhudumiwa na AMCOS ya Eneo Lilipo Shamba

Wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara, zinapakana, lakini korosho zake huuzwa kupitia vyama vikuu viwili tofauti vya ushirika. Korosho za Masasi huuzwa kupitia MAMCU, chama kinachohudumia pia Nanyumbu na Mtwara. Za Newala huuzwa kupitia TANECU, kinachohudumia Newala na Tandahimba. Kila chama kikuu kina minada yake, hivyo bei zaweza kupishana. Mkulima anayeishi mpakani, pale Uwanda wa Makonde unapoteremka kuelekea Masasi, hujiuliza iwapo anaruhusiwa kupeleka magunia yake upande wenye bei nzuri zaidi.

Msingi wa mipaka

Vyama vya msingi vya ushirika wa mazao (AMCOS) husajiliwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Kila chama husajiliwa pamoja na masharti yake, yanayotaja eneo la shughuli zake. Mkulima asiye mwanachama naye hupeleka korosho zake katika AMCOS inayohudumia eneo lilipo shamba lake. Kinachozingatiwa ni mahali korosho zilipozalishwa, si mahali mkulima anapoishi.

Hivyo, mkazi wa Masasi mjini mwenye shamba Newala huuzia Newala. Mwenye mashamba pande zote mbili huandikisha kila shamba mahali lilipo na kuuza mavuno yake hukohuko.

Mzigo unavyosafiri

Mfumo wa stakabadhi ghalani, unaoongozwa na Sheria ya Stakabadhi za Maghala Na. 10 ya mwaka 2005, ulianza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/08. Mkulima hukausha na kuchambua korosho, kisha huzipima katika AMCOS na kupewa stakabadhi. Chama husafirisha mzigo hadi ghala kuu, ambako ubora hukaguliwa kabla ya mnada. Tangu msimu wa 2024/25, minada ya korosho imekuwa ikifanyika kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mnunuzi akishalipa, fedha hurudi kwa mkulima kupitia chama kilichopokea mzigo wake.

Korosho za watu wengi huuzwa kwa pamoja, hivyo orodha ya waliopima ndiyo msingi wa malipo. Kilo zikiingizwa kwa jina la mtu asiye na shamba katika eneo hilo, uhakiki unakuwa mgumu na hata wakulima halali huweza kucheleweshewa fedha zao. Mwaka 2018, Serikali iliponunua korosho kwa Sh 3,300 kwa kilo baada ya wakulima kukataa bei za minada, malipo yalitanguliwa na uhakiki wa wakulima na mashamba. Lengo mojawapo lilikuwa kuwabaini wafanyabiashara wa kangomba, yaani wanaonunua korosho kwa wakulima nje ya mfumo rasmi kwa bei ya chini.

Ushuru na kibali cha kuuza

Baadhi ya wananchi huchanganya kanuni hii na nafuu ya ushuru iliyotolewa mwaka 2017. Nafuu hiyo ilifuta ushuru kwa mzigo wa mazao usiozidi tani moja unaovushwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, na kushusha ushuru wa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Haikubadili mahali pa kuuzia korosho. Kuvuka kizuizi bila kudaiwa ushuru si ruhusa ya kupima mzigo katika AMCOS isiyo ya eneo husika.

Aidha, bei inayotangazwa ni ya mzigo uliokwisha kuuzwa. Anayekimbilia bei ya wiki iliyopita hupima korosho zitakazoingia katika mnada unaofuata, ambao bei yake haijajulikana. Gharama ya usafiri, hata hivyo, ameshailipa.

Hatua kwa mkulima

Kabla ya msimu kuanza mwezi Oktoba, mkulima ahakikishe kuwa jina lake, mashamba yake na akaunti yake ya malipo vimeandikwa kwa usahihi katika AMCOS yake. Siku ya kupima, asiondoke bila stakabadhi, na asikubali jina lake litumike kupimia korosho za mtu mwingine.

Mkulima asiyeridhika na huduma aanze kwa uongozi wa chama chake, kisha Afisa Ushirika wa halmashauri, na hatimaye ofisi ya Mrajis Msaidizi wa Mkoa. Masuala ya ubora wa korosho yapelekwe Bodi ya Korosho Tanzania, yenye makao makuu mjini Mtwara.