Tashtiti ya Katuni: Kikubwa Kikichorwa Kidogo

Watahiniwa wengi huihusisha tashtiti na tamthilia na riwaya pekee, ilhali Wakenya wengi walikutana nayo kwanza gazetini. Kwa miongo mingi wasomaji wa Taifa Leo walimfuata Juha Kalulu wa Edward Gitau, ambaye jina lake tu ni kejeli. Mwaka 1973 Terry Hirst na Hilary Ng'weno walianzisha jarida la Joe, lililochekesha kwa masaibu ya mlalahoi wa mjini. Sura ya rais, hata hivyo, ilikuwa mwiko. Ni baada ya kifungu cha 2A cha Katiba kufutwa Desemba 1991 ambapo wachoraji kama Paul Kelemba (Maddo) na Godfrey Mwampembwa (Gado), mzaliwa wa Dar es Salaam, walianza kuusogeza mpaka huo hatua kwa hatua.

Malighafi haikukosekana. Mwaka 1998 walimu waligoma wakidai nyongeza waliyokubaliwa mwaka 1997, mkesha wa uchaguzi. (Msomaji mwalimu hahitaji kukumbushwa.) Mwaka 2003, madai hayo yangali hai, wabunge wapya walijiongezea marupurupu.

Mchoraji huyasemaje haya bila insha? Kwa vipimo. Tumbo la mheshimiwa hujaza ukurasa. Mwananchi mwenye viraka husukumwa pembeni. Mtahiniwa huandika, "Msanii ametumia chuku," kisha akaweka nukta. Hilo halitoshi. Aulize: ni nini kimekuzwa, na kimekuzwa kwa gharama ya nini? Chuku ya katuni huiga upotovu uliopo. Aliyepotosha vipimo kwanza ni mwenye kugawa bajeti. Mchoraji anamrudishia tu kioo. Hapo ndipo kinaya kilipo, na hapo ndipo alama zilipo.

Tuchukue katuni moja ya Gado iliyotoka katika The East African mapema mwaka 2015. Rais Jakaya Kikwete anastarehe mfano wa mfalme wa kale, akihudumiwa na wanawake waliopewa majina ya maovu, ufisadi ukiwamo. Kosa analoshtakiwa nalo ni utulivu wake: maovu hayamsumbui, yanamburudisha. Ni tashihisi iliyokolea, ingawa mhakiki makini atahoji kwa nini uovu uvikwe umbo la mwanamke, mazoea ambayo fasihi yetu pia haijayaacha. Swali hilo haliifuti kejeli; linaonyesha kwamba mwenye kuwapima wengine naye hupimwa.

Mwezi huohuo Tanzania ililizuia gazeti hilo. Sababu rasmi ilikuwa kwamba halikusajiliwa nchini humo, ingawa lilikuwa limeuzwa huko kwa miaka mingi. Gado alikwenda likizo, na mwaka 2016 mkataba wake na kampuni ya Nation haukuongezwa. Darasani, swali la athari ya tashtiti kwa jamii linaweza kuanzia hapo, kabla hata ya kufungua kitabu teule.