Blue Posts (hoteli)

Blue Posts ni hoteli kongwe ya mjini Thika, Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1908 karibu na mahali mito ya Chania na Thika inapokutana. Walowezi waliotoka Nairobi kupitia Ruiru kuelekea Fort Hall (leo Murang'a) walilala hapo. Zama hizo za ubaguzi, Mwafrika aliingia kuhudumu, si kuhudumiwa. Kwa anasa haikufikia hoteli ya Norfolk ya Nairobi, iliyofunguliwa Krismasi ya 1904. Fahari yake, tena isiyonunulika, ni maporomoko mawili ya maji, la Chania na la Thika, pembezoni mwa bustani. Mwandishi Elspeth Huxley aliitaja hoteli hii katika The Flame Trees of Thika (1959), kumbukumbu za utoto wake.