Kivuli Kina Mwenyewe

Warumi walikiita kivuli umbra. Neno hilo likazaa umbella, yaani kivuli kidogo, kile cha kubebwa mkononi. Waitaliano wakapata ombrello, na katika karne ya 17 Waingereza wakachukua kwao jina lao la mwavuli. Sasa hebu tazama Kiswahili chetu: uvuli, kivuli, mwavuli. Lugha hizi si ndugu, lakini zimepita njia ile ile.

Umbra ilikuwa na maana nyingine pia. Mzuka wa marehemu uliitwa umbra, na Waswahili nao wamewahi kuuita kivuli. Tena mtu asiyealikwa, anayefika karamuni nyuma ya mgeni aliyealikwa, naye alikuwa umbra. Mshairi Horace anasimulia karamu ambayo Maecenas, tajiri rafiki wa mtawala Augustus, alifika na wawili wa namna hiyo. Huku Kitengela ninakoishi tungesema wamedandia tu.

Mimi naona maana hizo zote zinakubaliana jambo moja: kivuli hakijitegemei. Kina anayekitoa, na yeye akiondoka, nacho kinaondoka.

Tena kinaweza kukosa kukufikia. Wanaanga huita umbra ile sehemu nyeusi kabisa ya kivuli cha mwezi. Asubuhi ya Januari 15, 2010, jua lilipopatwa, watu wa Nairobi waliona pete ya mwanga. Mwezi ulikuwa mbali, na ncha ya umbra yake iliishia angani kabla ya kugusa ardhi. Wahenga walishasema: kivuli cha mvumo hufunika walio mbali.

Huku Kajiado, mtoaji wa kivuli ni mgunga, ule mti wa matawi yaliyotandazwa juu, ambao Waingereza waliupa jina la mwavuli wao. Chini yake wazee wa Kimaasai walikaa kuamua kesi, mifugo ikapumzika saa sita mchana, na mpita njia hakubisha hodi. Mti mwingine, oreteti, uliheshimiwa kama mahali pa maombi.

Sheria ya mwaka 1968 iliziandikisha ardhi hizi kama ranchi za pamoja. Ranchi ya Kitengela ikagawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata kipande chake. Vipande vikauzwa, vikakatwa kuwa ploti, zikaja nguzo, waya na kuta za mawe. Miti mingi ikageuzwa makaa. Iliyobahatika ilibaki pale pale, ila kivuli chake kikapata hati miliki.

Ndiyo maana leo, jua likiwa la utosi, ukitafuta uvuli mjini Kitengela utaupata kwa mama mboga, kwa wakala wa pesa za simu, au kwenye pikipiki pale stejini. Yote ni miavuli. Mwavuli ni kitu kizuri, lakini umemtosha mwenyewe na mteja wake. Hauwezi kufunika baraza la wazee, wala mbuzi arobaini.

Simlaumu aliyeuza ardhi; karo na hospitali hazingoji. Lakini bado kuna mashamba yanayopimwa Kajiado. Wewe unayesimama na mpimaji, ukiona mgunga karibu na njia, mwambie asogeze kigingi hatua chache. Mti ubaki nje ya waya, upande wa barabara. Ploti haitapungua sana, na mchungaji atakayepita hapo hatahitaji kujua jina lako.