NENO LA LEO: Msasa Haung'arishi

Hapa Kyela, mwenye Noah au bajaji anayetaka kuivika stika mwili mzima utamsikia akimwambia fundi, "Ipige msasa kwanza ing'ae." Hapo neno limepotoka. Msasa ni mti, ndugu wa mkuyu, wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Maseremala wa zamani waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi ya dukani ilipokuja, ikarithi jina. Kazi yake ni kukwangua. Bodi iliyopigwa msasa hufifia. Inayoing'arisha ni polishi, nayo ni adui wa stika, maana gundi haishiki penye nta.

Tutenganishe basi maneno. Kuosha ni kutoa tope la barabara ya Matema. Kuziba ni kujaza mbonyeo kwa puti. Kupiga msasa ni kusawazisha puti hiyo na kingo za rangi iliyobanduka: namba 80 hukwangua sana, namba 400 ni laini, kwani namba ikipanda chembe hupungua ukubwa. Kufuta ni kuondoa vumbi na mafuta kwa spiriti, kisha bodi ikauke kabisa. Pitisha kiganja: kinachokwaruza mkono kitaonekana juu ya stika. Stika huficha rangi, haifichi kovu.

Hata magazeti yakiandika "madiwani wapigwa msasa", maana ni kuondolewa ukwaruzo kwa mafunzo. Tuseme hivyo: msasa hulainisha, polishi hung'arisha.