Ua la Usambara Ugenini

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wilayani Tanga, alimpelekea baba yake huko Ujerumani mmea mdogo wa maua ya urujuani, mwenyeji wa nchi ya Tanga na Usambara. Mwaka 1893 Hermann Wendland aliuita Saintpaulia. Ukaenea madirishani mwa Ulaya na Marekani, kwani kuuzidisha ni kazi nyepesi: jani moja na kikonyo chake huchomekwa katika udongo wenye unyevu, penye mwanga usiochoma, likaota mizizi, kisha miche. Lakini mche wa jani, kwa kawaida, ni mamaye yule yule. Aina za asili, zenye tabia mbalimbali, zimo miambani, chini ya kivuli cha msitu. Msitu ukifyekwa, madirisha yote ya dunia hayatazirudisha.